Kapu la Ugalla

Usigeuze uso. Nakuona unavyotafuta pa kutazama, na nakwambia baki hapahapa.

Asubuhi ile anga la Kigoma lilipogeuka rangi ya chai ya rangi, ulifanya nini? Ulifunga madirisha. Ukalowanisha kanga kuukuu ukaisukumia chini ya mlango. Ukawaita watoto ndani, ukangoja. Na kabla ya adhuhuri mwanga ukarudi, milima ya Kongo ikaonekana ng'ambo ya ziwa kama imeoshwa, nawe ukafungua dirisha, ukavuta pumzi, ukasema afadhali. Afadhali! Wingu pana kuliko mkoa mzima lilikuwa linakujia, halafu likawa halipo, na hukuuliza limekwenda wapi. Hukumuuliza hata jirani.

Mimi nitakwambia lilikokwenda. Nitakwambia na aliyelipeleka, maana ana jina, ana mama, na mikono yake ni safi kama yako.

*

Anaitwa Kalekwa. Siku hiyo alikuwa kwenye kioo chake cha kompyuta, Dodoma, katika ukumbi wa Mamlaka ya Anga Safi, amevaa sweta kwa sababu ya baridi ya mashine, akimtazama mgeni.

Mgeni ndivyo wanavyoliita wingu lolote la moshi au vumbi linalosafiri. Mgeni ametoka wapi, mgeni amelala wapi, mgeni anaelekea kwa nani. Huyu alizaliwa Rungwa, kwenye mashamba makubwa ya mafuta ya mimea yanayochomwa kila kiangazi ili yapandwe upya. Huo ni moto wenye kibali, na moto wenye kibali hauwekewi alama nyekundu kwenye kioo. Unawaka mchana kweupe, unakula upana wa wilaya, na mashine inaupita kama haiujui.

"Mgeni amefika wapi?" aliuliza Bi Mbonea, mkuu wa zamu, akija na chupa yake ya chai ya tangawizi kwapani. Mwanamke wa Upareni, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Ameshapita Sikonge, bosi. Na ameungana na vumbi la Bahi njiani. Amenenepa."

"Nionyeshe."

Kalekwa alitandaza picha. Setilaiti yao inaitwa Kipanga. Inaning'inia juu ya bara mahali palepale, haisogei, inatazama chini mchana na usiku na kutuma picha mpya kabla ya ile ya nyuma kupoa. Lakini picha peke yake haitoshi. Ukitazama kwa jicho la kawaida, moshi, vumbi na wingu la mvua vyote ni utandu tu. Kipanga hutazama kwa macho mengi. Kwa jicho la joto, moshi mwembamba haupo kabisa. Joto la ardhi linaupenya kama mwanga unavyopenya chandarua. Vumbi lina punje za mawe ndani yake, na punje hizo hulizuia joto zaidi kwa jicho moja kuliko kwa jicho la pili. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayolichongea. Kalekwa alikuwa amelipa vumbi rangi ya waridi na moshi buluu. Palipochanganyika pakawa zambarau, na zambarau ilikuwa imelala juu ya magharibi ya nchi kama mtu aliyejinyoosha kitandani, kichwa kikielekea ziwani.

"Yupo vipande viwili," alisema Kalekwa. "Huyu wa mbele, na nyuma yake mwingine, hajapita Sikonge bado. Wa mbele atafika Kigoma kabla ya adhuhuri."

"Kigoma hawamwezi. Jana watoto walilazwa mpaka kwenye veranda ya wodi." Kila mtu ukumbini alijua kwamba binti wa Bi Mbonea ameolewa Kigoma, na mjukuu wake ana pumu. "Tafuta kapu."

"Ndiyo, dada Kale, nitafutie kapu," alidakia Hizza kutoka meza ya pili. Hizza ni mtu wa Tanga, mrushaji wa droni, hana ukimya. "Wanangu wamekaa uwanjani Tabora tangu alfajiri na matumbo yamejaa unga. Nisipowarusha watanijambia."

"Hizza!"

"Samahani, bosi. Watatoa hewa."

Kapu ni mahali pa kumwangushia mgeni. Droni hupanda juu yake, humwaga unga wa chumvi na udongo, na punje za moshi na vumbi zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinakuwa nzito na kushuka. Zinashuka zote, kwa pamoja, mahali pamoja. Kinachofika chini si mvua wala si majivu. Ni kitu cha kijivu, kinanata kama uji uliopoa. Wanasiasa walipoizindua teknolojia hii walisema moshi umefutwa. Haufutwi. Unahamishwa kutoka kwenye mapafu ya wengi kwenda mahali ambapo, kwa mujibu wa sheria, hakuna mapafu.

Na sheria inajuaje kama hakuna mapafu? Inamuuliza Kipanga. Kipanga anatafuta vitu viwili: simu zinazoongea na minara, na joto la moto wa kupikia. Binadamu, walisema walioandika sheria, hawezi kukaa bila simu na bila moto.

Kioo kilichagua chenyewe. Msitu wa Ugalla, upande wa kusini. Simu: hakuna. Moto: hakuna. Neno likajitokeza kwa kijani: WAZI.

Kalekwa alilitazama neno hilo, na kilichomjia kichwani ni harufu ya pilau.

*

Ilikuwa arusi ya binamu yake, Sikonge, mwezi mmoja nyuma. Mjomba wake Nkwabi, kaka wa mama yake, mrina asali tangu ujana, alikuwa amekaa kwenye mkeka akilamba mchuzi vidoleni, watu wamemzunguka.

"Mwambie huyo ndege wenu," alisema, "mwaka huu tunampikia ugali puani na hasikii harufu."

Akaeleza, na watu walivunjika mbavu. Tangu Sheria ya Moto ilipopita, warina asali walikuwa wakikamatwa kambini kwa sababu ya moto wa ugali. Kipanga anaona, doria inakuja, mizinga inavunjwa. Kwa hiyo wamejifunza. Wanatafuta shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa, lile refu linaloingia chini ya kichuguu, wanapika humo ndani. Moshi unapita tumboni mwa kichuguu, unatoka juu umepoa, haufiki popote. Kienge cha kufukizia nyuki wanakiwasha ndani ya debe. Simu wanamwachia mwenye duka barabarani, maana simu nayo ni mchongezi. Mwezi ukiandama wanaingia msituni, na hawatoki mpaka madumu yajae.

"Mjomba," Kalekwa alisema, "unanijua mimi nafanya kazi wapi?"

"Ndiyo maana nakwambia wewe! Ukimwona mjomba wako huko juu, jifanye kipofu."

Walicheka wote. Kalekwa alicheka kuliko wote, mpaka akapaliwa, shangazi akampiga mgongoni.

Usimlaumu mzee kwa werevu huo. Nani aliwafundisha watu hawa kujificha? Babu wa babu zao waliondolewa msitu huohuo na serikali ya Mwingereza, kwa kisingizio cha mbung'o. Waliofuata wakaondolewa wakapangwe vijijini. Waliofuata, hifadhi ya wanyama. Kila mara waliokamatwa ni wale walioonekana. Watu wakizaliwa na kumbukumbu hiyo, wakajifunza kupika chini ya ardhi, utasema wao ni wajanja au utasema sisi ni wakatili?

*

"Kale? Kapu limekubali?"

"Limekubali. Bi Mbonea, lakini huu ni msimu wa asali. Huenda kuna watu Ugalla."

"Kuna watu, au huenda?"

Hapo ndipo. Nataka uliangalie swali hilo vizuri, kwa sababu nawe umewahi kuulizwa la namna hiyo na ukajua jibu.

Kalekwa alifikiri haraka. Akisema wapo, ataulizwa umejuaje. Akisema amejuaje, ametaja moto usio na kibali ndani ya hifadhi, na kabla ya wiki kwisha doria imeingia Ugalla na msitu umefungwa kwa warina wote, wa leo na watoto wao. Mjomba atakuwa amefukuzwa na mpwa wake mwenyewe. Asiposema, basi. Lakini Ugalla ni kubwa, alijiambia. Kusini, kaskazini, nani ajuaye kambi iko wapi. Na Kigoma ina watoto kwenye veranda. Kila alilojiambia lilikuwa kweli. Ndiyo ubaya wake.

"Huenda," alisema.

Bi Mbonea alimtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Naamini alielewa. Hakuwa mjinga. "Mdogo wangu," alisema polepole, "mimi siwezi kumpeleka mgeni Kigoma kwa sababu ya huenda. Kipanga anasemaje?"

"Wazi."

"Basi sema."

Maana sheria ilitaka mdomo. Walioiandika waliogopa kuambiwa kwamba mashine ndiyo inayoamua, kwa hiyo wakaweka sharti: kabla droni hazijamwaga, afisa aliye mbele ya kioo atamke kwa sauti yake, maneno yahifadhiwe. Zamu baada ya zamu yalikuwa yakitamkwa ukumbini kama mtu anavyoitikia "hodi". Hizza alikuwa na kawaida ya kuyaimba.

Kalekwa aliinama karibu na kinasa sauti.

"Wazi," alisema. "Hakuna mtu."

"Twende, wanangu!" Hizza akasugua viganja.

*

Mchana ulipoegemea, ukumbi ulikuwa na furaha. Kipande cha mbele kilikuwa kimekatika kwenye ramani kama kitambaa kilichochanwa. Ziwa lote lilionekana, buluu mpaka Kongo. Kutoka Kigoma watu walikuwa wakituma video za anga. Mmoja alikuwa wewe, pengine. Mama mmoja alikuwa amesimama barazani, amemshika mtoto mkono, anasema "asanteni sana watu wa hewa", na mtoto anapunga. Hizza aliionyesha kwa kila mtu.

"Kigoma wananiita shemeji sasa. Nikienda nalala bure, nakula mgebuka bure."

Kalekwa hakutazama video. Alikuwa amefungua picha za Ugalla, peke yake, kwa jicho la joto kali, lile linaloona moto hata chini ya utandu. Alijiambia anakagua kazi.

Kusini mwa Ugalla msitu ulikuwa umebadilika rangi. Miombo iliyokuwa imeanza kuchipua majani mekundu ilikuwa kijivu, pande zote, kama picha ya zamani. Halafu, katikati ya kijivu, akaona nukta nyekundu.

Picha iliyofuata, nukta mbili. Iliyofuata, nukta ziliongezeka zikawa mstari.

Kioo kililia. Maandishi yakapita chini yake: MOTO MPYA, BILA KIBALI, ENEO WAZI. CHANZO: NYIKA. Na mashine, kwa akili yake, ikatoa ushauri: kipande cha pili cha mgeni kimekaribia eneo hilohilo, kishushwe hapohapo, uzito wake utauzima moto. Kazi mbili kwa safari moja. Kapu: Ugalla kusini. Hali: WAZI.

"Safi," alisema Bi Mbonea kutoka nyuma yake. "Tunaua ndege wawili. Hizza, wanao wamejazwa?"

"Wamejazwa na wanacheua, bosi."

"Ngojeni," alisema Kalekwa.

Alirudisha picha nyuma, akazipitisha tena moja baada ya nyingine. Moto wa nyika unatembea. Hiyo ni sheria ya kwanza anayofundishwa anayetazama kioo: moto wa nyika unafuata upepo, unaacha nyuma weusi, unasonga mbele mdomo wazi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mashariki, wa kutosha. Nukta hizi hazikusogea. Picha baada ya picha zilikaa palepale, zimejipanga, na kila moja ilikuwa inafifia halafu inawaka upya. Inafifia, inawaka. Moto unaolishwa kuni.

Watu ambao kwa miaka walipika chini ya ardhi wasionekane walikuwa wameutoa moto nje, kwenye uwazi, wameupanga mstari, wanaulisha. Walikuwa wanajichongea wenyewe. Walikuwa wanaiita doria iliyozoea kuwavunjia mizinga, kwa sababu doria ni watu, na watu wakija watawakuta.

Na Kipanga aliona. Kisha akashauri wamwagiwe tena.

"Hautembei," alisema Bi Mbonea. Alikuwa ameinama, miwani imeteleza puani, chai imesahauliwa mkononi.

"Hautembei."

"Yarabi toba," alisema Hizza, na safari hii hakuongeza kitu.

Bi Mbonea alivuta kiti, akakaa. Aliposema, alisema chini sana. "Kale, nisikilize. Ukitamka kwamba kuna watu, droni zinarudi. Mgeni wa pili anakwenda Kigoma mzimamzima, hakuna kapu lingine njiani. Mjukuu wangu yuko kule. Sikwambii ili unihurumie. Nakwambia ujue."

"Najua."

"Na ukitamka hivyo utakuwa umetamka pia kwamba asubuhi tuliwamwagia watu. Sauti yako ipo. Watauliza, uliposema hakuna mtu, ulikuwa unajua?" Akamtazama. "Mimi sikuulizi hilo. Sitaki kukuuliza."

Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kusema moto ni wa nyika, kwa sababu mashine ilikwisha kusema. Hakuna ambaye angemlaumu, hata wewe, kwa sababu usingejua. Wangekaa kimya wale walioko chini, na kimya kingesomeka kwa kijani.

Kalekwa aliinama kwenye kinasa sauti. Ikabidi aanze mara mbili.

"Watu wapo," alisema. "Ugalla kusini. Watu wapo. Walikuwapo na asubuhi."

Droni za Hizza ziligeuka juu ya Sikonge, matumbo yamejaa, zikarudi Tabora. Bi Mbonea alitoka nje na simu yake sikioni. Walimsikia kwenye korido akimwambia binti yake afunge madirisha, alowanishe kanga.

*

Helikopta ya uokoaji iliondoka kulipokucha. Hizza aliomba kwenda, akaruhusiwa. Kalekwa hakuomba; alipanda tu.

Kutoka juu msitu ulikuwa umenyamaza kwa namna ambayo macho yanaweza kuisikia. Waliposhuka, ukimya ulikuwa kamili. Miombo inapochipua huwa inavuma kwa nyuki, mti mzima unavuma. Hapa majani yalikuwa yamevaa ganda la kijivu, limekauka na kupasuka, na chini ya kila mzinga palikuwa na rundo dogo la nyuki waliokufa, wamegandana. Hizza alikanyaga moja bila kujua, akainua mguu akabaki ameushika hewani, hajui auweke wapi.

Mioto ilikuwa bado inafuka. Warina walikuwa wamekaa chini ya turubai, wamejifunga nguo usoni, ndevu na nyusi zimeganda. Daktari aliwapita mmoja mmoja. Mzee Nkwabi alikuwa wa mwisho kwenye mstari, mgongo kwenye mti, macho yamevimba yamefumba. Kando yake palikuwa na mtu amelazwa, amefunikwa shuka mpaka kichwani.

Kalekwa alipiga magoti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Kalekwa."

"Aa. Kalekwa wa yule ndege." Alikohoa, kikohozi kirefu, kikavu, akatema kijivu. "Umekuja. Nilimwambia mwenzangu huyu, tukionekana na mtu yeyote, ataonekana na Kalekwa." Mkono wake ulitafuta shuka, ukaligusa. "Yeye ndiye aliyesema tuutoe moto nje. Mimi nikakataa. Nikasema watatufukuza. Akasema, Nkwabi, nifukuzwe nikiwa napumua. Akakaa na kuni usiku kucha, sisi tumejificha chini ya turubai. Kila tukimwambia ingia, anasema, nikiingia utafifia. Alfajiri nikasikia hakohoi tena."

Hizza aligeuka, akaenda kusimama mbali.

"Mlichukua muda kutuona," alisema mzee. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemsogezea mgeni kiti. "Moshi ulikuwa mwingi. Najua si rahisi. Mliona moto, mkaja."

Alikuwa amempa pa kutokea. Alichotakiwa Kalekwa ni kuitikia tu. Neno moja, ndiyo mjomba, na ukoo mzima ungesimulia miaka na miaka jinsi mpwa alivyowaokoa wajomba zake.

"Niliwaona kabla," alisema.

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya yote. Kioo kilisema hakuna mtu. Mimi nilijua mpo, ulinieleza arusini. Wakanitaka nitamke. Nikatamka hakuna mtu."

Pumzi ya mzee ilikuwa ikikwaruza kama msasa kwenye ubao.

"Ulitamka kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, mjomba."

"Nami nilikwambia ujifanye kipofu." Akatikisa kichwa polepole, ganda la kijivu likadondoka kutoka kwenye nyusi. "Basi tumesaidiana, wewe na mimi. Lakini mwenzangu huyu hakuwapo pale mkekani. Alikuwa jikoni anawasaidia kubeba sufuria. Ule mzaha wetu hakuusikia."

Kalekwa alianza kulia. Mzee hakumbembeleza wala hakumfukuza. Alingoja, kisha akanyoosha mkono mpaka akalipata bega lake, akaegemea hapo apate kuinuka kidogo.

"Mkewe yuko Sikonge," alisema. "Nyumba ya bati nyuma ya msikiti, utaulizia. Hajui bado. Nenda kamwambie wewe. Usimtume mtu, usipige simu. Kamwambie kwa mdomo huohuo."

Akaenda.

*

Sasa turudi kwako.

Siku hiyohiyo Kalekwa alipokuwa amesimama mbele ya nyumba ya bati akitafuta sauti ya kupiga hodi, wewe ulikuwa unakohoa. Najua. Mgeni wa pili alifika Kigoma mzimamzima. Mjukuu wa Bi Mbonea alilazwa, akawekewa oksijeni, akapona. Wengine hawakupona. Sikatai, na sitaki mtu yeyote aseme kwamba mapafu ya Kigoma ni mepesi kuliko ya Ugalla.

Lakini ulipopata pumzi, ulifanya nini nayo? Ulishika simu, ukaungana na wale waliotaka afisa mzembe aliyeliacha wingu likafika mjini afukuzwe kazi. Ulibonyeza. Hukumtaka aliyewasha moto Rungwa, maana moto wake una kibali. Ulimtaka aliyesema watu wapo. Na umempata. Kalekwa ameondolewa kwenye kioo. Warina wameondolewa Ugalla, kwa kosa la kuwasha moto. Kwenye kiti cha Kalekwa amekaa mwingine ambaye hana mjomba msituni, na asubuhi hii mimi ninapoandika, Rungwa inawaka tena. Mgeni mpya ameshainuka. Kioo kitamtafutia kapu. Kitapata, maana Ugalla sasa ni wazi kweli, na baada ya Ugalla kitatafuta penginepo, na siku moja umeme utakatika mtaani kwenu, minara ya simu itazima, mtakosa mkaa wa kupikia, na mtasomeka kwa kijani.

Kabla droni hazijaruka, Mamlaka inatakiwa kusikiliza umma. Ni sheria ileile iliyotaka mdomo. Laini iko wazi sasa, leo, mpaka mgeni apite Sikonge. Hakuna anayepiga. Kimya chako ndicho kinachohesabiwa kuwa ruhusa.

Weka chini hiki unachosoma. Fungua dirisha, hata kama anga ni safi. Hasa kama anga ni safi. Piga simu. Wakikuuliza umejuaje, usiseme huenda. Wakikuuliza basi tumpeleke wapi mgeni, waambie wamzime Rungwa, palepale alipozaliwa, kwa unga huohuo na droni hizohizo, kibali au hakuna kibali. Halafu tamka, kwa sauti yako, ihifadhiwe:

Watu wapo.

Sema. Hajapita Sikonge bado.